Mkono wa Baridi wa Nisreen

Anayetaka kusema na aseme, lakini mimi sifundishwi unga na pakiti. Nimeoka tangu sijafikia ukingo wa meza, nimeoka nikiwa mwali, nimeoka na mimba ya Mohdhar tumbo likigusa mlango wa oveni, na hapa Adams Arcade, katika fleti yangu nyuma ya maduka, harusi ya watu wetu haipiti bila trei zangu. Kwa hiyo Hanif, mtoto wa mdogo wangu Nisreen, aliponiwekea mezani mfuko wa pakiti zenye picha ya biskuti na maandishi ya kujigamba kwamba ndani hamna hata chembe ya ngano, nilicheka mpaka nikakumbuka kwamba nimefunga.

"Biskuti bila ngano?" nikamwambia. "Hiyo ni pilau bila mchele, mwanangu. Aliyebuni kitu hiki ana akili timamu?"

"Usicheke, Mama mkubwa," akasema Hanif. Ni kijana mpole, anafanya kazi ofisini huko Westlands na anaishi na mama yake Loresho. "Hizi unachanganya tu na siagi na yai. Na mama hajui kama nimekuja kwako. Idd ya mwaka jana, ulimwona?"

Sikumwona, na hilo lilikuwa limenikaa rohoni mwaka mzima. Nyumba yake ilijaa wageni, chai ikamiminwa, sahani zikazunguka, na mwenye nyumba yuko chumbani kafunga mlango, ati kichwa kinamuuma. Kichwa gani! Mwaka juzi daktari alimwambia tumbo lake halipatani na ngano. Ikiingia, hata kidogo namna gani, inamchubua utumbo kwa ndani. Ndiyo maana alikuwa akikonda na kuishiwa damu, na sisi tunamfanyia visomo na kumnywesha supu ya miguu pamoja na mikate mitatu. Siku alipotuambia, mimi nilimjibu mbele ya watu kwamba ngano haijapata kumwua mtu, na kwamba sote tumeila tangu tumboni mwa Mama. Nisreen hagombani na mtu. Aliacha tu kuja kwangu kumi la mwisho.

Na kumi la mwisho la Ramadhani ndilo letu. Tangu Mama atangulie mbele ya haki, mimi na Nisreen hukutana jikoni kwangu tukaoka biskuti za Idd kwa mashine aliyotuachia. Mwaka jana nilioka bila yeye. Zilitoka nzuri, watu wakasifu, na mimi sikuona raha yake.

"Nilijaribu mwenyewe kupika hii kitu ya pakiti," Hanif akasema. "Ikatoka kama mawe. Lakini wewe ukiweza, mama atakuja. Mimi najua tu, atakuja."

"Na nisipoweza?"

Hanif akatazama viatu vyake. "Basi ataendelea kukaa chumbani, Mama mkubwa."

Akaondoka, akaniacha na mfuko wake. Nikaitazama mashine ya Mama juu ya kabati, na fikira zikanichukua hadi mjini.

Sisi ni watoto wa katikati ya jiji. Baba alitoka Lamu akafungua duka la leso karibu na Biashara Street, na sisi tulikaa juu ya duka, vyumba viwili na jiko la makaa kwenye ukumbi mwembamba. Hatukuwa na oveni. Lakini ikiingia kumi la mwisho, Mama aliishusha mashine. Ilikuwa mashine ya kusagia nyama, ya chuma, ya kubanwa kwenye ukingo wa meza, ila nyama haikupata kupita humo siku hata moja. Mama aliweka mbele yake kisahani chenye tundu la nyota, akatia donge la unga juu, na mtu akizungusha mkono wa mashine, donge linatoka kwa mbele kama utepe wenye mistari. Sasa kazi ile haifanywi na mtu mmoja. Mmoja azungushe, mwingine apokee utepe ule kwa kiganja, aulaze kwenye trei bila kuuvunja, aukate vipande. Mwenye kupokea ndiye bibi wa kazi. Mwenye kuzungusha ni punda tu.

Mama alitushika mikono, mimi na Nisreen, kama mtu anayechagua maembe. Wangu akauacha upesi. "Mkono wa moto huu, utanimalizia samli. Wewe zungusha." Wa Nisreen akaushika, akaurudia. "Huu wa baridi. Wewe pokea, mwanangu." Nililia siku ile nikanuna na jioni yake! Mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye nijuaye kusoma, na kumbe mkono wangu haufai ila kwa kazi ya punda. Mama hakubembeleza. Akasema mkono hauombwi dukani.

Trei zikishajaa, tulizibeba kichwani hadi kwenye tanuri la mkate upande wa River Road. Mwenye tanuri alikuwa amewazoea wanawake wa pwani; mkate wa jioni ukishatoka, anawaachia moto uliobaki. Kila mmoja aliweka alama kwenye trei yake zisije zikachanganyika, na Mama alichomeka karafuu katika biskuti ya pembeni. Basi turudi nazo zikiwa za moto, barabara nzima inanukia hiliki, wanaume wameegemea milango ya maduka wanauliza, "Wasichana, za nani hizo?" na sisi na saumu zetu tunameza mate. Siku moja Nisreen, bado mdogo kabisa na amejitia kufunga, alisimama nyuma ya nguzo ya duka moja, akatia biskuti kinywani, halafu akanitazama kwa hofu. "Da Zainab, Mungu anaona nyuma ya nguzo?" Nikamwambia, "Anaona, lakini wewe hujafikia umri wa kuandikiwa dhambi. Kula upesi." Mpaka leo nikipita pale huwa nacheka peke yangu, na duka lenyewe sasa linauza simu.

Basi sikungoja zaidi. Kesho yake nikafungua pakiti ya kwanza.

Kwanza kuna shida ya kuonja. Aliyefunga anaruhusiwa kugusisha ncha ya ulimi akatema, lakini biskuti haijulikani kwa ncha ya ulimi. Biskuti lazima itafunwe. Nikamwita Rael, mama yake Becky, jirani yangu wa mlango unaotazamana na wangu. Rael ni Mluhya wa Kakamega, anauza chapati na maharagwe Riruta kandokando ya Naivasha Road, na ni mwanamke ambaye sijapata kumwona akikataa chakula.

"Mama Becky, wewe leo ni mdomo wangu," nikamwambia.

"Hiyo kazi naiweza," akasema, akavuta stuli.

Maelezo ya pakiti sikuyasoma. Yanihusu nini? Nikatia samli yangu kwa kipimo changu, hiliki yangu, nikapiga mpaka mkono ukachoka, nikachota kwa kijiko, nikasukuma ndani. Nilipofungua oveni, nilidhani nimeingiza kitu kingine. Zote zilikuwa zimeyeyuka zikashikana, trei nzima ikawa biskuti moja, nyembamba, inang'aa mafuta. Rael akavunja pembe yake akatafuna.

"Mama Mohdhar, iko poa sana!"

"Ina ladha ya nini?"

"Ya… sukari."

"Na nini tena?"

Akafikiri. "Sukari mingi."

Nikajua hapa sina shahidi. Siku ya pili nikameza kiburi, nikavaa miwani, nikaisoma pakiti kuanzia juu hadi chini. Kumbe inataka siagi ya baridi, tena kidogo, na donge lipumzishwe kwenye friji kabla ya kuguswa. Unga wenyewe ni wa mchele na wa mihogo na vitu vingine ambavyo majina yake sikuyaelewa. Ukiusugua kwa vidole unasikia kama mchanga laini wa ufukweni. Nikaufuata kama mwanafunzi. Safari hii Rael alitafuna, akachukua nyingine bila kuulizwa. Hapo nikajua ladha imepatikana.

Lakini hizo nilizitengeneza kwa kijiko. Nilipoibana mashine na kuanza kuzungusha, utepe ulitoka vizuri, una mistari yake yote, na ulipogusa kiganja changu ukakatika vipande vipande. Nikazungusha tena, ukakatika tena. Ngano ina mvutano, inajishika yenyewe, ndiyo maana chapati inavutika. Unga huu haujishiki. Unashikwa na siagi peke yake, na siagi kwenye mkono wa moto haikai. Nikamweka Rael apokee. Lo! Mkono wa Rael umeshinda juu ya kikaango cha chapati miaka yake yote, ni moto kuliko wangu. Utepe ulimwagika kama uji.

"Si uzikate tu na kikombe?" akasema Rael. "Round round, zioke, maneno iishe."

"Za kikombe huuzwa dukani, Mama Becky. Za Idd za nyumba yetu ni za mashine."

"Haya basi, sasa utafanya aje?"

Nikakaa. Mikono yangu yote miwili imejaa makombo. Nilijua ni mkono wa nani unaotakiwa hapa, na nilijua kwamba mwenye mkono huo nimemkosea adabu na hajaniomba kitu. Roho ikaniuma, nisiseme uongo. Nikajifunga buibui.

Loresho ni kimya mpaka unasikia viatu vyako. Hata mbwa wa kule hubweka kwa adabu. Nilimkuta Nisreen kwenye baraza, sinia la mchele pajani, anatoa vijiwe. Uso una damu zaidi kuliko mwaka juzi, hilo niliona. Aliniamkia, akaniuliza watoto, akaniuliza mgongo wangu, yote kwa heshima, kama mtu anayemkaribisha mgeni wa mbali.

"Kuna heri, Da Zainab?"

"Heri tu. Nimekuja kukuomba mkono."

"Mkono wa nini?" Vidole vyake vikasimama kwenye mchele. "Unajua siwezi. Hata vumbi lake likiniingia kinywani, wiki nzima mimi ni wa kitandani."

"Hakuna ngano. Ni unga wa pakiti."

Akanitazama. "Hanif amekuja kwako."

"Hanif ndiye nani?"

Hakucheka. Akaweka sinia chini, akafuta mikono kwa leso. "Sikiliza, dada yangu. Usinipikie kitu usichokiamini. Unadhani naona uchungu kwa sababu ya biskuti? Biskuti ni biskuti. Uchungu ni wewe, unavyonitazama. Wewe ndiye uliyenilea kule mjini Mama akiwa dukani, na wewe ndiye unayeniona najidekeza. Wengine wakisema, nawaacha. Wewe je, nikuache vipi?"

Nilitaka kusema nimekuamini, lakini ningekuwa namdanganya, maana hata pale barazani kuna pembe moja ya kichwa changu ilikuwa ikiuliza, hivi kweli, ngano? Basi nikasema lililokuwa kweli.

"Utepe unakatika, Nisreen. Mkono wangu unauyeyusha, wa Mama Becky ndio usiseme. Nimejaribu, nimejaribu tena. Nimeshindwa."

"Wewe umeshindwa?"

"Nimeshindwa. Usinirudishe nikalisema mara ya pili."

Mdomo wake ukatikisika pembeni. Akaokota sinia lake, akaendelea kutoa vijiwe, na mimi nikangoja kama mwombaji.

"Nitakuja Alhamisi," akasema mwishowe. "Lakini kila kitu kioshwe, Da Zainab. Kila kitu."

Nikaosha! Mashine niliifungua skrubu kwa skrubu, nikaichemsha kwenye sufuria, nikaisugua mapengo yake kwa mswaki mpya. Nikanunua bakuli jipya na chekecheke mpya. Pipa la unga wa ngano likahamia kwa Rael. Meza nikaipiga siki mpaka pua ikaniwasha. Alhamisi mchana Rael akabisha hodi akitaka kuona shughuli, nikamzuia mlangoni kwa mwiko.

"Leo huingii. Umejaa chapati mwili mzima."

"Mimi mdomo wako!" akasema, akicheka hadi ngazini.

Nisreen alifika baada ya alasiri. Alivua bangili, akanawa kwa maji ya baridi, akasimama upande wake wa meza bila kuulizwa. Mimi nikashika upande wangu. Kwenye trei nikapaka siagi, nikanyunyiza, nikamsogezea. Nikatia donge juu. "Bismillahi," akasema, nikazungusha.

Utepe ukatoka. Ukaingia kiganjani mwake, na haukukatika. Ukalala pale mzima, na yeye akausindikiza polepole hadi kwenye trei, akaukata kwa kisu, chap, chap, chap, akarudisha kiganja mdomoni mwa mashine kuungojea mwingine. Wallahi niliona furaha. Nilizungusha kwa mori kama nina miaka kumi. "Pole pole, punda," akaniambia, na hapo tukacheka sote wawili, kicheko cha kule ukumbini kwetu, cha kumwogopa Mama asije akasikia.

Maneno yakafunguka. Tukamkumbuka mwenye tanuri na fulana yake yenye matundu. Tukamkumbuka Baba, ambaye kila mwaka aliapa kwamba mwaka huu biskuti hazigusi mpaka Idd, na kila mwaka Mama alikuta pengo kwenye bati. Nisreen akasema anaikumbuka zaidi sauti ya mashine kuliko sura ya chumba, na mimi nikasema naikumbuka shingo ya Mama ilivyokuwa ikitoka jasho. Tulioka trei baada ya trei. Zilitoka rangi ya asali, zimeshika mistari yake, na nyumba ikanukia vile nyumba inavyotakiwa kunukia kumi la mwisho. Nilikuwa nimempata mdogo wangu. Nilijiona nimemaliza kazi.

Jua likazama. Niliweka tende, maji, na sahani ya biskuti katikati ya meza. Nisreen alikuwa amechagua yake mapema, ya pembeni, iliyoungua kidogo, kama alivyokuwa akipenda utotoni. Adhana ikaja kutoka upande wa Kibera. Akasoma dua, akala tende, akanywa maji, akainyanyua biskuti.

Mimi nilikuwa namtazama tu, nataka niione sura yake ikionja. Akaigeuza vidoleni kabla ya kuila, kuitazama, na kwa chini nikaona weupe.

Sikumbuki kufikiri. Nilimpiga mkono. Biskuti ikaruka ikagonga friji.

"Da Zainab! Una wazimu?"

"Umekula? Fungua mdomo. Umekula?" Nilikuwa nimekwisha kumshika kidevu, nimetia kidole changu kinywani mwake, mwanamke mwenye mtoto wa kuoza, nampekua kama kitoto kilichookota kitu chini. "Tema! Tema nakwambia!"

"Sijala! Sijala mimi, niache!"

Nikamsukumia maji, sukutua, nawa mikono, nawa tena mpaka viwikoni. Alipokwisha, nikakaa sakafuni. Nikamwonyesha kwa kidole. Kando ya oveni kuna mkebe, niliutoboa kifuniko kwa msumari siku nilipoingia katika fleti hii. Kila nikipaka trei, mkono unakwenda kwenye mkebe, unanyunyiza, unaurudisha. Sijui naufanya lini. Ni kama kupepesa macho. Nilipolihamisha pipa, mkebe haukunijia akilini kwamba ni unga. Siku zote za kujaribu nilinyunyiza hivyo hivyo, Rael akala, nani angejua?

"Ni ngano," nikasema. "Nimenyunyiza trei zote."

"Nilidhani ni unga wa pakiti," akasema Nisreen.

"Ni ngano. Ningekuua kwa mkono wangu."

Akageuka akazitazama trei zilizopangwa juu ya friji, juu ya kabati, mpaka kwenye kiti. "Zote?"

"Zote."

Nilingoja alie, au anyanyue buibui lake aende. Angeenda nisingemlaumu. Badala yake akavuta kiti karibu na nilipokaa, akaketi, na sauti yake ikawa ndogo.

"Mwaka juzi ulisema ngano haijapata kumwua mtu."

"Nilisema."

"Na sasa hivi umenipiga."

"Nimekupiga."

"Kwa vumbi la chini ya biskuti moja." Akanishika mkono wangu, ule ule uliompiga. "Basi umeniamini, Da Zainab."

Na hapo ndipo alipolia. Mimi nikamwambia nimekuamini, mdogo wangu, nimekuamini na nimeogopa, sijaogopa hivi tangu Mama atutoke, na nikalia naye, futari inapoa mezani.

Rael alisikia kishindo akaja kugonga. Nikamkabidhi trei mlangoni moja baada ya nyingine, na mkebe juu yake.

"Zote zangu?" akasema. "Kwani nimefanya nini nzuri?"

"Kuleni na Becky. Na mlango ufunge."

Nikafuta meza upya, nikanawa, nikaosha kisu na mdomo wa mashine. Nisreen alikuwa amesimama mbele ya mashine, ameinama, anachungulia kwa juu. Koo la mashine ile halitapiki kila kitu. Donge kidogo lilibaki limejishika kwenye skrubu kubwa ya ndani, halijagusa trei wala meza. Akaweka kiganja chake mahali pake. Nikazungusha polepole sana. Ukatoka utepe mfupi, akaukata, tukapata tatu. Nikazilaza juu ya karatasi mpya ya foili kutoka kabatini, na tulikaa mbele ya kioo cha oveni kama watu wanaotazama televisheni.

Nilizitia kwenye sahani nyingine, safi, naye hakungoja zipoe. Akaipuliza ya kwanza, akauma, akafumba macho. Alitafuna muda mrefu.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Si za Mama."

"Najua si za Mama. Ngano ni ngano, Nisreen, ningefanyaje?"

"Za Mama zilikuwa za mtaa mzima," akasema, macho bado kayafumba. "Hizi ni zangu."

Akachukua ya pili. Mimi nikanyoosha mkono kwenye ya tatu, angalau nijue nimepika nini, naye akaivuta sahani upande wake.

"Ngoja kwanza," akasema, kinywa kimejaa, machozi yanamtiririka. "Miaka miwili, Da Zainab."

Nikaurudisha mkono wangu. Akaila na ya tatu mbele yangu, akalamba kidole, akaokota makombo kwenye sahani moja moja mpaka yakaisha.